Ukungu, Mvua na Mkate: Habari za Moto wa Mtakatifu Antoni

Katika lugha yetu neno ukungu lina maana mbili. Ukungu ni ule weupe wa baridi unaofunika mabonde asubuhi, hata mtu asione mti ulio mbele yake. Na ukungu vilevile ni ule uchafu wa kijani au mweusi unaoota juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Wazee waliotuachia neno hili hawakuwa na darubini, wala hawakusoma shule ya kilimo. Walakini waliona jambo la kweli. Unyevu wa hewa na uharibifu wa nafaka ni watu wa nyumba moja.

Leo twataka kuwasimulia habari za inchi za Ulaya, ambako kwa muda wa karibu miaka elfu moja watu walikula mkate ulioharibiwa na majira mabaya, wasijue. Wengi walikufa, wengine wakaishi bila mikono wala miguu. Kiisha tutarudi kwetu Afrika, kwa maana mambo haya hayakuishia Ulaya.

Hofu ya mkulima mbele ya mvua mbaya ni ya kale kuliko Eklezia. Warumi wa zamani, walipokuwa bado wapagani, walikuwa na siku yao, tarehe 25 ya mwezi wa nne, wakati masuke ya ngano yanapotokea. Siku hiyo walimtolea mungu wao Robigo sadaka ya mbwa, ili asilete kutu juu ya ngano. Kutu hiyo si ya chuma. Ni ugonjwa wa mmea wenyewe: madoa mekundu juu ya majani na mashina, nayo huzidi sana umande ukiwa mwingi usiku na jua likipasha joto mchana. Wakristu wa Roma walipoiacha miungu yao hawakuacha mashamba yao. Siku ileile walifanya maandamano wakiimba Litania ya Watakatifu. Papa Gregori Mkuu anayataja katika mwaka wa 598. Wale walio wazee kati yetu wanakumbuka bado maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, yaliyokuwa katika kalenda ya Eklezia yote mpaka ilipotengenezwa upya mwaka wa 1969. Vijana wengine huwacheka waliozunguka mashamba wakiimba. Sisi hatucheki. Aliyepanda shamba lake lote akangoja mawingu anajua kwamba jembe ni lake, lakini hewa si yake.

Basi tuache ngano, tuseme juu ya ndugu yake, nafaka inayoitwa rai. Hapa kwetu haipandwi, kwa hiyo wengi hawaijui. Rai ni ndefu kuliko ngano, masuke yake yana nywele ndefu, unga wake hutoa mkate mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo. Tena ni nafaka ya maskini, kwa sababu hukubali kukua katika udongo mbaya, wa mchanga, wa baridi, mahali ngano inapokataa. Zamani zile mabwana walikula mkate mweupe wa ngano, na wakulima wa Ufaransa, wa Ujerumani, wa Urusi na wa inchi nyingine nyingi za kaskazini walikula mkate wa rai. Tofauti hii ya mikate ilikuwa tofauti ya kufa na kupona, kama tutakavyoona.

Miaka mingine, wakati wa kuvuna, katikati ya punje njema za rai zilionekana punje nyeusi, ndefu, zilizopinda kama kipi cha jogoo. Wafaransa waliziita ergot, maana yake ndiyo hiyohiyo, kipi. Nasi tutaziita vipi. Mkulima hakushangaa sana. Alikuwa ameviona tangu utoto wake, akadhani ni sehemu ya mmea, rai iliyopata jua kali mno, au punje kubwa tu. Akavipura pamoja na nyingine, akavisaga, akaoka.

Lakini kipi si punje. Ni kuvu, mtoto wa jamaa ya uyoga, aliyeingia katika nyumba ya punje akamfukuza mwenyewe. Wenye elimu wamekifuata hatua kwa hatua, na kila hatua inategemea hali ya hewa; ndiyo maana twapenda kuieleza pole pole. Kipi kilichoiva huanguka chini wakati wa mavuno, kikalala udongoni. Huko hungoja baridi. Kisipopata majuma kadhaa ya baridi, hakiamki. Kwa hiyo baridi kali ya majira ya Ulaya, tunayodhani huua kila kidudu, kwacho ni kama kengele ya kuamshwa. Majira ya baridi yakiisha na udongo ukiwa umelowa, kipi huota vijiti vidogo sana vyenye vichwa vya mviringo, mfano wa uyoga usiozidi ukubwa wa kichwa cha pini. Vichwa hivyo hurusha hewani mbegu nyembamba kuliko vumbi, nao upepo huzipeleka juu ya maua ya rai.

Hapo ndipo mvua inapoamua. Ua la rai hufunguka wazi ili lipokee chavua ya majirani zake. Hewa ikiwa kavu na ya joto, chavua huruka, ua hupata mimba upesi, likafungika. Mlango umekwisha kufungwa. Lakini mvua ikinyesha siku kwa siku, na baridi ikikaa, chavua hulowa na kuanguka, ua likangoja wazi siku nyingi. Mbegu za kuvu hukuta mlango wazi. Baada ya siku chache suke hutoa utomvu mtamu unaonata kama asali, umejaa mbegu nyingine mpya. Nzi na vidudu huja kuulamba, wakachukua ugonjwa miguuni mwao mpaka masuke mengine. Matone ya mvua nayo huurusha huku na huko. Hivyo mwaka wenye mvua na baridi wakati wa maua huzaa vipi vingi mno, na mwaka mkavu huzaa vichache, hata katika shamba lilelile. Ngano huambukizwa pia, ila ni mara chache zaidi, kwa sababu ua lake halifunguki sana.

Sumu ya kipi ina kazi ya kukaza mishipa ya damu. Mtu akila kidogo, haoni neno. Akila mkate wa namna hiyo siku kwa siku, damu haifiki tena vidoleni. Kwanza husikia kama chungu wanatembea chini ya ngozi, kiisha maumivu ya moto mkali, hata hali ngozi ikiguswa ni baridi kama jiwe. Baadaye kiungo hukauka, hugeuka cheusi kama makaa, kikaanguka chenyewe, mara nyingi bila damu kutoka. Wanawake wenye mimba waliharibikiwa. Mahali pengine, zaidi katika inchi za Ujerumani na Urusi, sumu ilishika kichwa na mishipa ya fahamu: wagonjwa walikunjamana, wakatupwa chini kama wenye kifafa, wakaona maono ya kutisha.

Watawa waliokuwa wakiandika habari za kila mwaka katika monasteri zao ndio waliotuhifadhia kumbukumbu hizi. Katika kitabu cha miaka cha Xanten, karibu na mto Rhein, imeandikwa kwamba mwaka wa 857 ugonjwa wa malengelenge na uozo wa kuchukiza uliwashika watu, viungo vyao vikalegea na kuanguka kabla ya kufa. Padri Flodoard wa Reims anasimulia mwaka wa 945 jinsi moto huo ulivyoingia Paris na vijiji vyake. Wagonjwa walikimbilia kanisa la Bikira Maria, na mtawala Hugues, aliyeitwa Mkuu, akawalisha kila siku kwa mali yake. Wengi walipona. Wengine, wakijiona wazima, walirudi makwao, na moto ukawawakia tena. Wakarudi kanisani, wakapona mara ya pili. Tafadhali msomaji, shika neno hili moyoni, tutalirudia.

Mwaka wa 994 ilikuwa zamu ya Limoges na inchi yote ya Aquitaine. Maaskofu walikusanyika, wakaufukua mwili wa Mtakatifu Martiali na kuupandisha juu ya kilima mbele ya makutano, na mabwana wakubwa wakaapa kushika amani wao kwa wao. Mwaka wa 1089 mtawa Sigebert wa Gembloux, katika inchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliandika kwamba ulikuwa mwaka wa tauni, zaidi upande wa magharibi wa Lorraine, ambako watu wengi walioza kwa moto mtakatifu, viungo vikiwa vyeusi kama makaa. Hatusemi kwamba kila ugonjwa ulioitwa moto mtakatifu ulitoka katika rai. Watu wa zamani walitia magonjwa mengi ya ngozi katika jina moja. Lakini viungo vikavu vyeusi vinavyoanguka vyenyewe, katika inchi za mkate wa rai, ni dalili isiyofichika.

Kwa nini maskini walikula vipi walivyoviona kwa macho yao? Si ujinga tu. Mwaka wa mvua mbaya una mashtaka mawili juu ya mkulima: unapunguza mavuno, tena unaharibu kile kidogo kilichobaki. Miezi ya mwisho kabla ya mavuno ghala lilikuwa tupu, watoto walikuwa wakilia. Rai mpya ilipoingia nyumbani ilisagwa siku ileile, haikungoja kukauka wala kuchaguliwa. Na sumu ya kipi ni kali zaidi kikiwa kipya. Kikikaa muda mrefu hupungua nguvu. Basi mwenye akiba aliyekula nafaka ya mwaka uliopita aliokoka, na mwenye njaa alikula sumu katika ukali wake. Tena katika mavuno mengi vipi vichache hupotea kati ya punje njema. Katika mavuno machache vipi vilevile huwa sehemu kubwa ya mkate. Mvua ilileta kuvu, lakini njaa ndiyo iliyokipeleka mpaka kinywani.

Sasa tuseme habari za watu waliohurumia. Karibu na mwaka wa 1070 bwana mmoja wa Dauphiné, kusini-mashariki ya Ufaransa, alileta kutoka Konstantinopoli masalio yaliyosemwa kuwa ya Mtakatifu Antoni, yule mkaa-jangwa wa Misri. Yaliwekwa katika kijiji cha La Motte-Saint-Didier. Wasimulizi wa kale husema kwamba bwana mwingine wa inchi ile, jina lake Gaston, alikuwa na mwanawe Guérin aliyeshikwa na moto. Gaston akaweka nadhiri, mtoto akapona. Na wote wawili wakatoa mali zao wawatumikie wagonjwa waliokuja kwa miguu, kwa fimbo, au kwa kutambaa. Huo ndio mwanzo wa shirika la Waantonini, mwaka wa 1095. Mwanzoni walikuwa walei; mwaka wa 1297 Papa Bonifasi wa Nane aliwafanya kuwa kanonika wenye kanuni ya Mtakatifu Agustino. Walivaa joho jeusi lenye alama ya buluu kama herufi T, na katika karne ya kumi na tano nyumba zao zilikuwa zaidi ya mia tatu, zimeenea Ulaya. Tangu hapo ugonjwa uliitwa Moto wa Mtakatifu Antoni.

Katika nyumba hizo mgonjwa alipewa kitanda, mkate mzuri wa ngano, nyama, na mafuta ya nguruwe ya kupaka vidonda. Waantonini walikuwa na ruhusa ya kuacha nguruwe wao watembee njiani na kengele shingoni, wakijitafutia chakula, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Ndiyo sababu katika sanamu nyingi Mtakatifu Antoni yupo na nguruwe miguuni pake. Mgonjwa alikunywa pia divai iliyomiminwa juu ya masalio ya mtakatifu. Kiungo kilichokufa kilikatwa na mpasuaji. Hans von Gersdorff, mpasuaji wa Strasbourg, alitoa kitabu mwaka wa 1517 chenye picha ya mguu unaokatwa kwa msumeno. Pembeni amesimama mtu aliyefungwa mkono uliokatika, na alama ya T juu ya nguo yake.

Wengi walipona kweli. Na sasa turudie lile neno la Paris. Mgonjwa aliyeingia katika nyumba ya watawa aliuacha mkate wake wa rai, akala wa ngano. Aliporudi kijijini alirudia mkate uleule, na moto ukawaka tena. Watu wengine wakilisikia jambo hili hufurahi, wakisema: basi hapakuwa na mwujiza, ni mkate tu. Sisi twaona hawakufikiri sana. Mtawa aliyempa mgeni maskini mkate mweupe uliokuwa wa meza ya mabwana, bila kumwuliza fedha, alimpa dawa yenyewe, ingawa hakujua jina lake. Tusidharau dawa kwa kuwa ilitolewa kwa upendo, wala tusidharau upendo kwa kuwa ndani yake ilikuwamo dawa.

Katika mji wa Colmar, Alsace, kuna picha kubwa iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya mwaka wa 1512 na 1516 kwa ajili ya altare ya Waantonini wa Isenheim. Wagonjwa walipelekwa mbele yake. Kristu aliye msalabani pale si mzuri wa sura: ngozi yake imejaa miiba na madonda, vidole vyake vimekakamaa. Upande mwingine, katika kona ya chini, amekaa mtu mwenye tumbo lililovimba, mwili wote vidonda. Mgonjwa wa moto aliyelazwa pale hakuhitaji kufafanuliwa.

Ilichukua karne nyingi mpaka watu wakakitazama kipi kwa mashaka. Waalimu wa uganga wa Marburg waliandika mwaka wa 1597 kwamba ugonjwa wa Hesse ulitoka katika nafaka mbaya, lakini sauti yao haikufika mbali. Mwaka wa 1676 daktari Denis Dodart aliandikia Akademia ya Sayansi ya Paris juu ya Sologne, inchi ya mchanga na madimbwi kusini ya mto Loire, ambako maskini hawakuwa na kitu ila rai. Akaeleza vipi, akashauri nafaka ichungwe kwa chekeche. Ushauri mzuri, ila nani atachunga mwaka wa njaa, akijua kwamba anachotupa ni chakula cha siku? Miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1777, Sologne iliungua tena. Alitumwa huko mtaalamu mmoja wa kilimo na uganga, aliyejulikana kwa jina la abbé Tessier. Yeye hakubaki na maneno tu. Alikusanya vipi, akawalisha bata na nguruwe, nao wakafa kwa dalili zilezile. Na mwisho, mwaka wa 1853, Louis René Tulasne alionyesha maisha yote ya kuvu, tangu kipi hata kijiti, tangu ua hata kipi.

Jambo la ajabu ni kwamba sumu hii iliingia katika kabati ya dawa. Wakunga wa Ulaya walijua tangu zamani kwamba kipi hukaza tumbo la uzazi. Adam Lonitzer alikwisha kuliandika mwaka wa 1582. Mwaka wa 1918 Arthur Stoll wa Basel alitenga ndani yake ergotamini, na mwaka wa 1935 ilipatikana ergometrini, ambayo imezuia damu ya wazazi wengi baada ya kujifungua, katika nyumba nyingi za uzazi duniani. Kitu kilekile kilichoharibu mimba za wanawake wa Sologne kimewarudisha mama wengine kwa watoto wao.

Moto wa Mtakatifu Antoni haukuzimwa na dawa hata hivyo. Ulizimwa na viazi na ngano vilivyochukua nafasi ya rai, na madimbwi ya Sologne yaliyokaushwa katika karne ya kumi na tisa, na jembe la kukokotwa linalofukia kipi chini sana hata kijiti chake kisifike juu, na vinu vyenye machekeche. Mahali maskini walipobaki na nafaka moja, ulirudi: Urusi katika miaka ya 1926 na 1927 watu zaidi ya elfu kumi waliugua. Pont-Saint-Esprit, kusini ya Ufaransa, mwezi wa nane mwaka wa 1951, watu zaidi ya 200 waliugua kwa mkate wa mji wao. Kipi kilishitakiwa kwanza, lakini wataalamu hawajapatana mpaka leo. Na katika Afrika yetu, Wollo ya Ethiopia, miaka ya 1977 na 1978, watu walipoteza miguu yao kwa kula shayiri iliyochanganyika na magugu yenye vipi.

Sasa tufike nyumbani. Sisi hatuli rai, twala bukari ya mahindi. Je, mahindi yana kipi chake? Anacho adui wa namna nyingine, naye amejulikana tangu karne iliyopita tu. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika Uingereza, maini yao yameharibika. Walikuwa wamelishwa unga wa karanga zilizotoka Brazili. Ndani yake palionekana kuvu la rangi ya kijani na manjano, Aspergilusi flavusi, na sumu yake ikaitwa aflatoksini. Hukaa katika karanga na katika mahindi. Haionekani, haina harufu, moto wa sufuria hauiondoi, wala pombe haiivunji. Akila mtu nyingi kwa mara moja, macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, akafa kwa ini. Akila kidogo kidogo miaka mingi, huenda akapata kansa ya ini, na hakuna atakayekumbuka ghala lililomwua.

Ukitazama jinsi kuvu hili linavyofuata majira, utaona limegeuza desturi ya kipi. Kipi hutaka mvua na baridi wakati wa maua. Aspergilusi hutaka kwanza jua na ukame: mahindi yenye kiu, yaliyodhoofika shambani, hayana nguvu ya kujikinga, na maganda yake hupasuka. Kiisha hutaka mvua ije wakati wa kuvuna, siyo kabla. Mwaka wa ukame unaofuatwa na mvua isiyo na adabu, inayoshuka wakati mkulima anapohitaji jua, huo ndio mwaka wake.

Ndivyo ilivyokuwa Ukambani, mashariki ya Kenya, mwaka wa 2004. Mvua zilikuwa zimepunguka, mahindi yakawa machache. Mwezi wa pili, wakati wa kuvuna, mvua zikaja mapema kuliko desturi. Watu hawakuweza kuanika. Tena kwa sababu ya njaa waliogopa wezi, basi wengi hawakuyaacha mahindi katika ghala la nje lenye kupitisha upepo. Waliyaingiza nyumbani, yakiwa mabichi, wakayalaza sakafuni au katika magunia. Nyumba ikawa na joto, mahindi yakatoa jasho. Kati ya mwezi wa kwanza na wa saba, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua, 125 wakafa. Machakos ilikuwa imekwisha kuonja uchungu huo mwaka wa 1981, wakafa 12. Mwaka wa 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara, katika Tanzania: wagonjwa 68, waliokufa 20.

Msomaji atambue jinsi habari hii inavyofanana na ile ya Sologne. Mvua mbaya, njaa, mavuno machache, chakula kisichochaguliwa kwa sababu hakuna kingine. Na kama Ulaya ya kale, nyumba inapopoteza watoto watatu katika juma moja, na ya jirani haina mgonjwa, maneno huanza. Nani ametutupia? Ulaya walitaja hasira ya Mungu. Kwetu wengi humtaja mjomba au mama mzee asiye na mtetezi. Kumbe jirani ana mahindi yaliyokauka tu. Hili ndilo linalotuuma zaidi katika habari hizi zote, kwa maana sumu ya ghala ikigeuzwa kuwa kesi ya uchawi, hufa pia asiyekula.

Vidudu navyo vimo katika shauri hili. Fukusi hupenda joto na unyevu. Mahindi yakikaushwa sana, fukusi huzaa kwa shida. Mashimo anayotoboa ni milango ya kuvu, na pumzi yake yeye mwenyewe huongeza jasho katika gunia. Ila yuko mmoja asiyejali ukavu: dumuzi, aliyekuja kutoka Marekani ya Kati, akaonekana Tabora karibu na mwaka wa 1981. Huyo hugeuza mahindi makavu kuwa unga mtupu. Majira hayatoshi kumzuia.

Katika Katanga Mungu ametupa jua la mwezi wa tano na wa sita, mara baada ya mavuno. Mkulima mwenye subira huacha mahindi yakauke vizuri. Katika milima ya Kivu hali si hiyo. Huko mvua mbili hufuatana karibu karibu, mavuno ya mwanzo wa mwaka huingia nyumbani na maji, na ukungu wa asubuhi, ule wa mlima, huondoka saa nne umekwisha kulowesha kila kilicholazwa chini. Ndugu zetu wa Kivu wanaoning'iniza mahindi juu ya jiko, moshini, hawafanyi ushamba. Wanalitafuta jua mahali lilipo.

Yeyote asiyejua kama mahindi yake yamekauka ya kutosha kuingia ghalani na afanye hivi. Achukue chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko. Atie chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, kiisha mahindi yaliyopukuchuliwa, mpaka robo au theluthi ya chupa. Afunge, atikise kwa dakika chache, aiache itulie kama robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yaingie ghalani. Na punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa, azitoe kwa mkono moja moja kabla ya kusaga, asiwape kuku wala asizitie katika pombe.